Diski Ilikuwa Ile Ile

Vijana waliniomba niandike yale niliongea Jumamosi kuhusu pono, yaani picha na video za ngono, kule ukumbini Section 58 hapa Nakuru, kwa sababu wengine walichelewa na wengine walisimama nje kwa dirisha hawakuskia vizuri. Nimeandika vile niliongea, sijapanga panga sana.

Hamjambo wadogo zangu. Madada mko? Makaka? Naona madada mmejaza upande ule wote na makaka mko huku, na katikati mmeacha njia kubwa hata bodaboda inaweza pita, na hakuna mtu aliwaambia mkae hivyo. Sawa, kaeni tu, hiyo njia tutaihitaji baadaye.

Hapa ndani kila mtu ako na miaka 18 ama zaidi, tuliuliza pale mlangoni. Na nataka nimshukuru Mama Mchungaji mbele yenu, alitupatia huu ukumbi akijua kabisa mada ni nini, maanake nimezunguka sana hapa mjini nikiomba mahali pa kuongea na vijana kuhusu pono na mara nyingi nikitaja tu hilo neno naambiwa ukumbi umeshikwa. Yeye aliniuliza tu, "Utawaambia ukweli?" nikamwambia ndio, akanipea ufunguo. Asante Mama.

Mimi ni kaunsela. Kazi yangu ni kukaa na vijana mmoja mmoja na kuskiza, sasa ni miaka mingi, na kuna swali linanirudia kila wiki. Kijana na msichana, umri mmoja, labda hata darasa moja chuoni, wameona video ya aina moja, lakini wakikaa kwa ile kiti mbele yangu wanatoa maneno tofauti kabisa. Mmoja anasema ni kawaida tu, kila mtu anaonanga. Mwingine anasema anaskia uchafu, anaskia ameharibika. Sasa hiyo tofauti inatoka wapi, kwa mwili ama kwa mdomo?

Wacha nianze na nyumbani kwetu. Dada yangu ameniruhusu, nilimpigia juzi nikamuuliza, akanyamaza kidogo halafu akasema, "Waambie, labda hapo kuna mwingine kama mimi."

Ilikuwa 2007, tunakaa Kaptembwa, ploti ya mabati, nyumba mbili za kupanga zimeshikana. Wakati huo intaneti haikuwa kama ya sasa, zile kebo za chini ya bahari zilifika Mombasa 2009, kabla ya hapo mtu akitaka video ya aina yoyote alitafuta diski. Mimi nilikuwa na miaka 22, dada yangu 20, anasomea ushonaji. Jioni moja natoka kazi napata stima imepotea ploti nzima. Mama anapika kwa jiko hapo mlangoni, baba amekaa kwa kiti yake anangojea taarifa ya saa moja. Stima ikarudi. TV ikawaka, deki ikawaka, na kumbe kulikuwa na diski imekwama ndani tangu mchana, ikaanza kucheza hapo hapo sauti juu.

Mama aliangusha mwiko. Baba akaruka akang'oa waya kwa ukuta. Halafu wote wawili wakageuka wakaniangalia mimi. Hakuna mtu aliuliza hii ni ya nani. Na mimi hiyo diski sikuwa nimewahi kuiona, lakini nikamwona dada yangu amesimama karibu na pazia, ameshika kitambaa cha mazoezi ya kushona, anakikunja, anakikunja tena, anakikunja tena mpaka kikawa kama kidole, nikajua. Nikanyamaza. Baba akakohoa akasema, "Vitu zako weka kwako, hapa kuna mama yako." Basi, ikaisha. Tukakula ugali na sukuma, na wakati wa kulala baba akanigonga bega pole pole, vile mwanaume humgonga mwenzake.

Wiki moja ikapita, rafiki ya dada yangu akaja kuulizia diski yake, akaropoka pale mlangoni mama akiskia. Diski ilikuwa ile ile. Lakini saa hii mama alilia mpaka majirani wakatoka nje. Alipiga simu Molo kwa shangazi zangu wawili, wakaja na matatu ya asubuhi, wakamweka dada yangu katikati ya chumba kama mtu wa kesi, wakamuuliza ni wanaume wangapi, ni nani alimfunza, kama kuna mapepo yanamtembelea usiku. Baba hakumsemesha karibu mwezi mzima. Kozi ya ushonaji akatolewa, ati marafiki wa pale ndio wamemharibu. Na mimi nilikuwa nimekaa kwa stuli pale pale, mtu mzima wa miaka 22, bado naskia ile mkono ya baba kwa bega yangu, na sikufungua mdomo. Hiyo inaniuma mpaka leo.

Sasa fikirieni, mwezi huo huo mtafiti abishe hodi kwetu na fomu yake, aulize, je, umewahi kutazama ponografia, na uliskia aje? Mimi ambaye diski haikuwa yangu ningejibu ndio, kidogo kidogo, tena nikicheka. Dada yangu angejibu hajawahi na hiyo kitu inamchukiza. Mtafiti angerudi mjini kuandika wanaume wanapenda, wanawake hawapendi.

Ndio maana nilipokuja kusoma kuhusu utafiti mmoja wa Marekani nilisimama nikatembea kidogo ndio nirudi kumalizia. Ulifanywa na Michele Alexander na Terri Fisher, ukachapishwa 2003. Walichukua wanafunzi wa chuo wakawauliza maswali ya siri kuhusu maisha yao ya mapenzi, lakini waliwaweka kwa hali tatu tofauti. Kuna wenye waliachwa wakidhani majibu yao yanaweza kuonwa na mtu mwingine. Kuna wenye walijibu peke yao, bila jina, bila mtu kuwaona. Na kuna wenye walifungwa nyaya kwa mwili wakaambiwa hii ni mashine ya kupima uongo, ukidanganya itajua. Hiyo mashine haikuwa inapima kitu, ilikuwa ya kuwatisha tu waseme ukweli. Sasa zile vitu ambazo msichana akikubali anaitwa malaya, kama punyeto na kutazama hizo picha na video, tofauti ya wavulana na wasichana ilikuwa kubwa sana wakiogopa kuonwa, na ikawa ndogo kabisa wakiamini mashine itawashika. Ni watu wa aina moja, chuo kimoja, maswali yale yale, kilichobadilika ni nani wanadhani anawaangalia.

Mimi nilijionea hiyo hiyo bila mashine yoyote. Mara ya kwanza kuongea na vijana juu ya haya mambo niliuliza tu kwa ujinga wangu wa wakati huo, nani hapa ameona pono, inua mkono. Wavulana wakainua, wengine mikono yote miwili, wakipigana mabega. Upande wa wasichana hakuna hata kidole. Mara iliyofuata nikaja na boksi ya viatu nimeikata mdomo kwa juu, nikagawa karatasi, nikasema andika chochote, usiweke jina. Siwapi namba kwa sababu huo haukuwa utafiti, lakini nilifungua ile boksi usiku nyumbani na nikakaa nayo mpaka saa saba. Na unajua karatasi za wasichana nilizitambua kabla sijasoma. Kijana anakunja karatasi mara moja, anatupa. Msichana anaikunja mara nne, tano, sita, inakuwa ngumu kama jiwe, unaifungua pole pole isipasuke, na ndani kuna mstari mmoja tu, mwandiko mdogo. "Nina ugonjwa?" Hilo lilikuwa swali zima. Ingine ilisema, "Mimi ni wa kuimba kwaya na naona hizo video, kuna msichana mwingine ama ni mimi tu?"

Dada, kama ni wewe na uko hapa leo, si wewe peke yako.

Lakini msinielewe vibaya ati nasema hakuna tofauti. Iko. Wanaume wanatazama zaidi, hiyo haina ubishi, na watafiti wameirudia sana. Kuna kazi ya Jason Carroll na wenzake ya 2008, waliuliza wanafunzi 813 wa vyuo sita vya Marekani. Vijana wa kiume 67 kwa kila 100 walisema kutazama ni sawa, lakini wenye walikuwa wanatazama ni 87. Wasichana 49 kwa kila 100 walisema ni sawa, lakini wenye walikubali wanatazama ni 31. Hizo namba zisomeni tena pole pole. Kwa wavulana, kuna wengi wanaotazama kitu ambacho wenyewe hawaamini ni sawa, wanatazama na roho inawasuta. Kwa wasichana ni kinyume, kuna wengi wanasema haina shida lakini wao wenyewe hawagusi, ama wanasema hawagusi. Hao wa Marekani si sisi, najua, lakini nikikaa na vijana wa hapa Nakuru na wale niliongea nao Kisumu, hao watu wawili nawaona kila siku, kijana anayetazama na anajichukia, na msichana anayesema mimi sina noma na wenye wanatazama.

Halafu kuna ile hadithi ya ubongo, ati mwanaume ameumbwa hivyo, ni macho, mwanamke ni masikio na roho. Hiyo nimeskia kwa harusi, kwa redio, kwa matanga hata. Mwaka wa 2004 Stephan Hamann na wenzake kule chuo cha Emory, Atlanta, waliweka wanaume 14 na wanawake 14 kwa mashine ya kupiga picha ubongo wakiwaonyesha picha za ngono, na wakapata sehemu moja ndogo ya ubongo, umbo kama lozi, inaitwa amigdala, ilishtuka zaidi kwa wanaume. Watu wakashika hiyo wakakimbia nayo dunia nzima. Lakini 2019 watafiti wa taasisi ya Max Planck huko Tübingen, Ujerumani, walikusanya kazi 61 za aina hiyo, watu 1,850 wakiwa pamoja, na wakaona ubongo wa mwanaume na wa mwanamke unaitikia karibu sawa. Mimi nikiwekewa watu 28 upande huu na watu 1,850 upande ule, najua nitaskiza wapi kwanza. Na hata hiyo ya macho, kuna Heather Rupp na Kim Wallen walifuata macho ya watu wakitazama picha, 2007, na wanaume ndio waliangalia uso wa yule mwanamke zaidi kuliko wanawake walivyouangalia. Kila nikisema hivi kwa kikao wanaume wananyamaza.

Sasa nikuje kwa kitu ambacho kilinifanya nikubali kusimama hapa leo, na naomba simu ziwekwe chini kidogo.

Meredith Chivers na wenzake walikusanya tafiti 132 zilizofanywa kati ya 1969 na 2007. Ni tafiti ambazo mtu anaonyeshwa picha ama video, halafu anapimwa vitu viwili kwa wakati mmoja, mwili unafanya nini huko chini, na mwenyewe anasema anaskia nini. Kama mwili na mdomo vinapatana kabisa unapata 1, kama havipatani hata kidogo unapata 0. Wanaume walipata 0.66. Wanawake 0.26. Maana yake mwanaume akisema nimeamka, mara nyingi mwili unasema hivyo hivyo. Kwa mwanamke mwili unaweza kuitika na yeye mwenyewe ndani haskii kutaka chochote, hata anaskia vibaya.

Kulikuwa na mama mtafiti wa Uholanzi, Ellen Laan, 1994 yeye na wenzake waliwaonyesha wanawake filamu mbili, moja imetengenezwa na mwanaume kwa ajili ya wanaume, nyingine imetengenezwa na mwanamke. Mwili uliitika sawa kwa zote mbili. Lakini wenyewe walisema ile ya mwanamke waliipenda zaidi sana, na ile ya mwanaume iliwaletea aibu na kuchukizwa. Mwili ulisema kitu kimoja mara mbili, na roho ikasema vitu viwili.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu kuna kijana anafunzwa na video ya dakika tano kwamba mwanamke akisema hapana, subiri tu, mwili wake utasema ndio. Na kuna msichana anakuja kwa ofisi yangu, na nimeskia hii kwa zaidi ya mtu mmoja ndio maana naweza kuisema bila kumwaga siri ya mtu, anakaa, anachukua dakika ishirini kabla aseme, halafu anasema, kaunsela, nililazimishwa, lakini mwili wangu uliitika, sasa nitasemaje nilibakwa? Ametembea na hilo swali miezi. Hajaenda hospitali, hajamwambia mama yake, kwa sababu anadhani mwili wake tayari umetoa ushahidi dhidi yake.

Dada yangu, ukikata kitunguu machozi yanatoka, hakuna mtu amekufa. Mwili unajilinda, unajilainisha usiumie, ni kazi inafanyika bila kukuuliza. Hiyo si ridhaa. Na makaka pia, hii ni yenu, kwa sababu mwili wa mwanaume unaweza kusimama akiwa anaogopa ama hataki, na nimekaa na wanaume waliofanyiwa mambo mabaya wakacheka mbele za watu kwa sababu wanaambiwa mwanaume hawezi kulazimishwa. Sheria yetu ya Makosa ya Ngono ya 2006, kifungu cha 42, inasema mtu amekubali kama amechagua mwenyewe na alikuwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Haijataja mwili uliitika ama haukuitika. Na kama imekupata, hospitali kabla ya saa 72 kupita, zile dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zina muda wake, usingoje kwanza umalize kulia. Namba 1195, ya kusaidia waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, ni ya bure, usiku na mchana, pigeni.

Wacha nipumue kidogo. Sawa.

Kitu kingine kinatenganisha wasichana na wavulana ni kile chenyewe wanachokiona pale ndani, na hapa mimi naelewa wasichana kabisa. Ana Bridges na wenzake, 2010, walichukua sehemu 304 kutoka kwa video zile zilikuwa zinauzwa na kukodishwa zaidi, wakahesabu. Karibu 88 kwa kila 100 zilikuwa na kupiga, kukaba ama kuumiza kwa njia fulani. Anayeumizwa ni mwanamke karibu kila mara, na mara nyingi anaonyeshwa amefurahi ama hajajali. Sasa kijana anatazama hiyo na anajiweka mahali pa yule anafanya. Msichana anatazama hiyo hiyo, atajiweka wapi? Hapo hatuhitaji hata mashine ya ubongo. Mtu akionyeshwa pahali pake ni chini na anatakiwa atabasamu, akisema imenichukiza, mimi sitasema ni kwa sababu wanawake hawana hamu. Ni kwa sababu ana macho.

Na hicho anachokiona kinamfuata mpaka chumbani. Wasichana wananiambia wanajilinganisha, ngozi, matiti, sauti hata, kuna mmoja aliniambia anajiskia akipiga kelele zenye si zake. Wavulana nao wanajilinganisha, lakini hiyo wananiambia mlangoni wakitoka, mkono ukiwa kwa kitasa, ati kaunsela ni kawaida mtu kumaliza haraka? Wale wa kwa video wanakatwa na kuunganishwa, kuna taa, kuna watu wameshika kamera, kuna dawa. Unajilinganisha na kazi ya siku nzima ya watu kumi.

Upande wa uhusiano, Paul Wright na wenzake walikusanya tafiti 50 hivi, watu zaidi ya 50,000 kutoka nchi 10, wakachapisha 2017. Kutazama kulienda pamoja na kutoridhika na mpenzi na mambo ya kitandani, lakini hiyo ilionekana kwa wanaume tu, kwa wanawake haikuonekana. Kwa nini, watu wanabishana. Mimi nitasema kile naona kwa ofisi, wanaume wengi hutazama peke yao na huficha, na kule kuficha kunakuwa mtu wa tatu ndani ya nyumba. Msichana akitazama, nimeskia mara nyingi ni pamoja na mpenzi wake, ama ni kutafuta kujua kitu ambacho hakuna mtu alimfunza, maanake nani alimfunza? Mama alisema chunga wavulana, basi.

Kuhusu uraibu. Kuna kijana anaweza kuja hapa akaniambia mimi ni adikti, nikimuuliza mara ngapi ananiambia mara mbili kwa mwezi. Joshua Grubbs na wenzake wameonyesha kwa miaka sasa kwamba mtu ambaye dini yake ama maadili yake yanakataa hiyo kitu anajiona mraibu hata kama anatazama kidogo tu. Uchungu wake ni wa kweli, simchekelei, na mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa. Lakini uchungu wa dhamiri unaponywa kivingine, na kushindwa kabisa kujizuia kunaponywa kivingine. Shirika la Afya Duniani limeweka tabia ya ngono isiyozuilika kwa orodha yake ya magonjwa, ile iliyoanza kutumika 2022, na wamesema wazi kwamba kujiskia vibaya kwa sababu za maadili peke yake hakutoshi kusema una huo ugonjwa. Kama umepoteza kazi, umeacha masomo, umejaribu kuacha miezi na miezi na unarudi hata ukiwa huioni tena tamu, kuja tuongee. Milango ni ile ile kwa kijana na kwa msichana, lakini wasichana hawaji, na mnajua sasa kwa nini.

Na hii nitapita haraka kwa sababu nyote mnaijua, ile tabia ya kusambaza picha za mtu mliyekuwa mnapendana. Hapo pia angalieni, picha ikiwa na wawili, anayeacha chuo ni nani? Kwenye ile Sheria ya Makosa ya Mitandao ya 2018, kifungu cha 37, ni faini mpaka shilingi 200,000 ama jela mpaka miaka miwili, ama vyote viwili. Na kama yule kwa picha hajafika miaka 18, kifungu cha 24, ni faini mpaka milioni 20 ama jela mpaka miaka 25, ama vyote viwili. Kupokea kwa grupu ya WhatsApp na kupeleka mbele tu, umeshaingia. Futa.

Sasa zile karatasi za leo, nimesoma nyingi wakati mlikuwa mnakunywa chai. Nitajibu mbili halafu boksi izunguke tena.

Hii inasema, "Boyfriend wangu anataka tufanye vile wanafanya kwa video nikikataa ananiambia mimi ni mshamba na wanawake wengine wanapenda." Dada, hao wanawake wengine ni waigizaji, wanalipwa, na wengine wamesema wenyewe baadaye vile walikuwa wanaumia. Mwambie unachopenda ni nini. Kama hujui bado unachopenda, hiyo si ushamba, mwambie sijui bado na tutajua pole pole. Akikuacha kwa hilo, hakuwa anakuuliza, alikuwa anakuamuru.

Na hii nyingine imeandikwa na kijana, na imekunjwa mara sita. Mara sita, nimehesabu nikiifungua. Anasema, "Naogopa kuuliza girlfriend wangu kama yeye pia anaonanga kwa sababu akisema ndio sijui nitamuona aje."

Ndugu yangu, asante. Umeandika ukweli ambao sijawahi kuandikiwa na mwanaume kwa hii boksi. Hiyo "nitamuona aje" ni wale shangazi zangu wawili kutoka Molo, wameketi ndani yako na wewe hukuwaalika. Wewe unatazama, na hujiulizi atakuona aje. Usimuulize leo. Enda kwanza umwambie yako, yote, bila kumuuliza yake, halafu unyamaze umngoje, hata kama itachukua wiki. Na siku akiamua kukuambia, angalia uso wako unafanya nini wakati huo, kwa sababu yeye ndio atakuwa anauangalia. Dada yangu aliniambia juzi kwa simu kwamba ile siku ya shangazi, kile anakumbuka zaidi si maswali yao. Ni uso wangu pale kwa stuli, vile niliugeuza nikaangalia ukuta.

Karatasi zingine ziko kwa meza, peni ziko hapo kando. Nitakuwa hapa mpaka saa kumi na moja, na mwenye hataki kuonwa akiongea na mimi kuna mlango wa nyuma. Boksi ipite hapo katikati kwa hiyo njia mmeacha, na leo ianze na madada.